Hatia ya Kibaba: Je, Kitu cha Kuundwa Huweza Kuwa Kiovu?

Katika uhakiki wa Kiswahili imo kauli ambayo imerudiwa kwa miaka mingi pasipo kupimwa. Kauli hiyo husema kwamba kitu kilichoundwa na mtu, kiwe kisu, kipimo, nguo au kitabu, hakina wema wala uovu wa nafsi yake. Wema na uovu umo katika mkono unaokitumia. Wahakiki wa miaka ya 1970, walipoiita fasihi chombo au silaha, waliikubali kauli hii hata bila ya kuitamka, kwani silaha ni ya anayeishika. Walimu wa maadili nao huitumia kila wanapotaka kumrudishia mtu lawama yake. Ni kauli yenye manufaa, na kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Hata hivyo haielezi kila kitu, na yale isiyoyaeleza si madogo. Makala haya yanakusudia kuipima kwa kutazama vitu viwili vinavyopatikana katika soko la Marikiti, Mombasa, na katika maduka yaliyo jirani nalo: kipimo cha kuuzia nafaka, na leso. Ushahidi tutakaoutegemea zaidi ni ule wa lugha, kwa kuwa ndio unaotuhusu katika jarida la aina hii.

Marikiti ipo kwenye Barabara ya Digo, ambayo zamani iliitwa Salim Road, pale Mji wa Kale unapokutana na mji mpya. Katika maandishi ya kikoloni soko hilo liliitwa Mackinnon Market. Wenyeji waliliacha jina la mtu, wakachukua neno la pili, wakalitia irabu, likawa Marikiti; na kwa maoni yangu walichagua vyema, maana aliyekwenda kununua ndimu hakuwa na haja ya Mackinnon. Anayepita humo hukuta njia kadhaa za kuuza. Nyanya, maembe na ndimu huuzwa kwa fungu. Bizari, iliki, mdalasini na pilipili manga hupimwa kwa mizani. Nafaka na kunde zilikuwa zikiuzwa kwa kibaba na pishi, na baadaye kwa kopo. Njia hizi hazitofautiani kwa bei tu. Zinatofautiana kwa ahadi. Fungu haliahidi ila kile kinachoonekana. Mnunuzi hulitazama, hugeuza mbili tatu, hudai nyongeza, kisha hulipa au huondoka. Akifika nyumbani akakuta nyanya mbovu chini, atamlaumu muuzaji aliyezipanga au atalilaumu jicho lake. Hatasema kwamba fungu limesema uongo. Kibaba ni kitu kingine, kwa sababu kibaba kina jina, na jina hilo ni ahadi ya kiasi.

Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inakieleza kibaba kuwa kipimo cha nafaka, robo ya pishi, tena inataja aina mbili zake: kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Cha tele ni kile kilichojazwa hata punje zikafanya kilima juu ya ukingo. Cha mfuto ni kile kilichofutwa juu, kikawa sawa na ukingo. Msomaji aone kwamba chombo ni kile kile kimoja. Kilichobadilika ni neno lililotamkwa kabla ya kupima. Istilahi hizi mbili, ambazo vijana wengi wa leo hawazijui, zina falsafa nzima ndani yake: watu wa pwani walitambua kwamba chombo peke yake hakijawa kipimo, na kwamba kipimo ni chombo pamoja na mapatano. Muuzaji aliyeagana na mnunuzi kwa tele, kisha akapima kwa mfuto, amedhulumu. Na kibaba chake hakina neno. Hapa kauli tuliyoanza nayo ni sahihi kabisa. Kosa limo katika mkono uliofuta.

Lakini tutazame hali ya pili. Katika masoko mengi ya Kenya kopo la kilo mbili, ambalo watu wa bara huliita gorogoro, limechukua nafasi ya kibaba. Hila yake inajulikana na kila mama anayenunua mahindi: kitako hugongwa kikabonyea kwa ndani, na kopo likajaa kabla ya wakati wake. Kwa nje halikupungua kimo wala upana. Likitazamwa kwa juu, likiwa limejaa hata kumwagika, linaonekana kuwa karimu. Ukarimu huo ndio uongo wake.

Sasa tuseme kwamba aliyeligonga kopo hilo amekwisha kuliuza, naye hayupo tena sokoni. Kopo limefika mikononi mwa mtoto wa miaka kumi ambaye ametumwa na nyanya yake kuuza pojo. Mtoto hajui kitu juu ya kitako. Hupima kwa moyo safi, tena hupima kwa tele, na kwa kila mnunuzi huongeza kofi moja kama alivyofundishwa. Kila anayenunua kwake ameondoka na pungufu. Swali letu ni hili: dhuluma iliyotendeka hapo imo wapi? Haimo katika mkono, maana mkono ni wa mtu asiye na nia mbaya. Haimo katika mapatano, maana mapatano yalikuwa ya haki. Ukimwondoa mtoto ukamweka mtoto mwingine, au sharifu mwenye taqwa, dhuluma itabaki pale pale. Ukiliondoa kopo, dhuluma imekwisha. Sioni njia ya kukwepa jawabu kwamba dhuluma imo katika kopo.

Hili tuliite jaribio la mtoto asiyejua. Kitu kikitiwa mikononi mwa mtu asiye na habari wala nia, kikatumiwa kwa kazi ambayo jina lake linaitangaza, na ubaya ukatendeka vile vile, basi ubaya huo ni wa kitu. Kikihitaji nia ya mtumiaji ndipo ubaya utendeke, basi ni wa mtumiaji. Sharti la kazi ya jina lake ni la lazima. Kopo lile lile likitumiwa kuchotea maji ya kuogea halimdanganyi mtu, kwa sababu hapo halikuitwa kipimo. Kisu nacho hufaulu jaribio hili kwa sifa njema: mtoto akipewa kisu kukatia embe, embe litakatika na hakuna aliyedhulumiwa, akijikata, ni ajali.

Yamkini msomaji atadhani kwamba haya ni mabishano ya kimantiki tu. Lugha yenyewe inashuhudia vinginevyo. Katika kauli ya kutendwa, Kiswahili kina viunganishi viwili ambavyo aghalabu hufunzwa darasani kwa haraka mno: *na* kwa mtenda, *kwa* kwa chombo. Tuzitazame sentensi hizi:

(1) Nyama imekatwa kwa kisu.
(2) Mtoto amekatwa na kisu.

Katika (1) yupo mtu aliyekata, ijapokuwa hakutajwa. Kisu kiko chini yake. Katika (2) hakuna mtu aliyekusudia, na kisu kimepanda kikakaa kwenye kiti cha mtenda. Hatuna budi kukumbuka kwamba kupanda huku si sitiari ya mshairi. Ni usemi wa kila siku, na kila msemaji hujua tofauti yake bila ya kufundishwa. Sasa tuweke kopo mahali pa kisu:

(3) Nimepunjwa kwa kopo lile.
(4) Nimepunjwa na kopo lile.

Sentensi ya (3) haina tatizo, na anayeisikia huuliza mara moja: na nani? Sentensi ya (4), ikisikika peke yake, ina ugeni. Mtu atacheka kidogo. Lakini mweleze msikilizaji kisa cha mtoto anayeuza pojo, kisha uitamke tena. Ugeni umepungua, au umeondoka kabisa. Lugha inaruhusu kopo kuwa mtenda katika hali ile ile ambayo jaribio letu limeonyesha kwamba dhuluma imo katika kopo. Sidhani kwamba ni sadfa.

Ruhusa hii ina hatari zake. Yule yule muuzaji mjanja, akikamatwa, hukimbilia (4): si mimi, ni kopo. Na si wauza mahindi peke yao. Msomaji wa magazeti yetu amekwisha kukutana mara nyingi na habari za watu waliopigwa na risasi katika ghasia, ambamo mwandishi anaeleza mtaa, saa na idadi ya majeruhi, na hamtaji mpigaji. Risasi katika sentensi hizo imekalia kiti cha mtenda kama kwamba ilitoka nyumbani kwake asubuhi kwa hiari yake. Hapa *na* inaficha. Aliyepigwa kwa risasi amepigwa na mtu, na sarufi inamdai mtu huyo ajitokeze. Mwalimu wa sarufi anayewaambia wanafunzi wake kwamba tofauti ya *na* na *kwa* ni jambo la alama mbili katika mtihani anawanyima chombo cha kusomea magazeti.

Tunahitaji, basi, neno la kutenganisha mambo mawili ambayo kauli ya mkono na chombo huyachanganya. Kiswahili kinayo maneno hayo. Ubaya, au uovu, ni sifa ya hali. Hatia ni deni la nafsi. Mali huitwa haramu, pesa huitwa chafu, na njia huitwa mbaya, na hakuna anayedhani kwamba pesa zitasimama kizimbani. Kinyume chake, mtu huwa na hatia hata kama alichokitumia ni kitu kizuri kama Msahafu alioapia uongo. Kopo lililobonyezwa ni ovu, wala halina hatia. Hatia ni ya aliyeligonga, popote alipo, na ya kila anayelitumia akijua. Lakini uovu haukuondoka pamoja naye. Ameuacha ndani ya bati, nao unafanya kazi bila ya kumhitaji. Hii ndiyo sifa ya pekee ya vitu vya kuundwa: huhifadhi tendo baada ya mtenda kuondoka.

Mataifa mengine yalikosa kutenganisha mambo haya, na matokeo yake yanafundisha. Athens ya kale ilikuwa na mahakama katika Prytaneion ambamo jiwe, chuma au ubao ulioanguka ukamuua mtu ulihukumiwa rasmi, kisha ukatupwa nje ya mipaka. Uingereza ilikuwa na sheria iliyoamuru kitu kilichosababisha kifo kitwaliwe, au thamani yake ilipwe. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1846, na ilifutwa baada ya treni kuanza kuua watu, kwani gari la moshi ni ghali kulitwaa kuliko gurudumu la mkokoteni. Tunaweza kuwacheka Waathene. Lakini sheria ya Kenya ya vipimo na mizani, Sura ya 513, inataka vipimo vya biashara vikaguliwe na kupigwa muhuri, na inaruhusu kipimo cha uongo kutwaliwa. Muuzaji hutozwa faini, na kopo huchukuliwa. Kwa nini lichukuliwe, ikiwa kosa lote ni la muuzaji na amekwisha kulilipia? Jawabu linajulikana: kwa sababu ya mtoto atakayeliokota. Waathene waliliadhibu jiwe. Sheria ya leo hailiadhibu kopo, inalizuia. Inatambua uovu pasipo kudai hatia.

Vitabu viwili vinavyosomwa zaidi mjini Mombasa vinalikabili jambo hili kwa sarufi tofauti. Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inawalaani watu: wale ambao wakijipimia hutimiza, na wakiwapimia wengine hupunguza. Mizani haikulaumiwa. Kitabu cha Mithali katika Biblia, sura ya 11, kinaanza kwa kuitaja mizani yenyewe kuwa chukizo mbele ya Mungu. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inakwenda mbali zaidi: inakataza hata kuwa na mawe mawili ya kupimia yasiyo sawa, kubwa na dogo, ndani ya mfuko mmoja. Haisemi usiyatumie, inasema usiwe nayo. Sikusudii kushindanisha dini, na wafasiri wa pande zote mbili wangeweza kunionyesha aya zinazokamilishana. Nasema tu kwamba hatia imetajwa upande mmoja na uovu wa kitu upande mwingine, na kwamba muumini wa upande wowote anayenunua pojo kwa mtoto yule atahitaji yote mawili.

Atajitokeza mtu aniulize juu ya kigango. Wamijikenda, hasa Wagiriama, huwasimamishia vigango wazee waliokuwa katika chama cha Gohu, na kigango hakifai kuondolewa mahali pake. Tangu miaka ya 1970 vigango vingi viliibwa vikauzwa kwa walanguzi, vikafika katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007, na mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalikubali kuvirudisha 30. Kwa mujibu wa wenyewe, kuondolewa kwa kigango huleta ukame, maradhi na misiba. Je, hiki si kitu kinachotenda? Jawabu langu ni kwamba hapa tumehama kutoka upande wa kutenda kwenda upande wa kutendwa. Kigango kimedhulumiwa, au koma ya mzee amedhulumiwa kwacho. Misiba ni madai ya mwenye haki. Inawezekana kitu kiwe na haki bila ya kuwa na wema wala uovu, kama vile mtoto mchanga. Jambo hilo linastahili makala yake, na aliyezaliwa Kaloleni ataliandika vizuri kuliko mimi.

Tuje kwenye leso. Kutoka Marikiti hadi maduka ya leso ya Biashara Street ni mwendo mfupi wa miguu. Neno leso limetoka katika Kireno. Tanzania nguo hiyo huitwa kanga. Ina pindo pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyochapwa juu ya ukingo wa chini wa mji. Majina ya kwanza yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kirumi. Miongoni mwa nyumba za biashara zilizoeneza leso zenye majina ni ile ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1887, ambayo alama yake ya Mali ya Abdulla inajulikana pwani nzima. Mengi ya majina ni methali, dua na pongezi. Mengine ni mafumbo makali, na hayo ndiyo yanayotuhusu.

Mwanamke akinunua leso yenye fumbo la kumsuta jirani, akaifunga, akapita mbele ya mlango wa jirani huyo mara tatu kwa siku moja bila ya shughuli, mtaa mzima umesoma. Ugomvi umezuka, pengine mume ameitwa, pengine mzee wa mtaa. Mlalamikaji anasema ametukanwa. Mshtakiwa anasema amependa rangi. Rose Marie Beck, aliyechunguza mawasiliano ya leso huko Mombasa, ameonyesha kwamba nguvu ya leso imo katika utata huo: ni usemi ambao msemaji anaweza kuukana wakati wowote. Na kwa kweli ni nani aliyesema? Yupo aliyetunga jina, ambaye hatumjui. Yupo mfanyabiashara aliyelichagua akaamini litauzika. Yupo mchapaji, ambaye leo mara nyingi yuko India na hajui neno moja la Kiswahili. Yupo mvaaji. Ikiwa kopo lilikuwa na mtu mmoja aliyepiga nyundo, leso ina watu wanne, na kila mmoja anaweza kuwaelekezea kidole watatu waliobaki. Mtu angetarajia kwamba hapa, kuliko mahali pengine popote, kitu kitabeba lawama, hasa kwa kuwa kitu hiki kina maneno.

Jaribio la mtoto asiyejua linatuonyesha kinyume. Binti wa yule mwanamke, ambaye amerudi kutoka bweni na hajui habari za ugomvi, anaokota leso ya mama yake, anajitanda, anakwenda Marikiti kununua nazi, na njia yake inapita mlangoni pa jirani. Jirani anasoma, moyo unampiga. Kisha anamwona uso, anamkumbuka kuwa ni mgeni wa mambo, na donge linashuka. Hakutukanwa. Pengine aliumia kwa dakika moja, lakini hawezi kusema kwamba alitukanwa, na akisema hivyo mtaa hautamsikiliza. Mnunuzi wa pojo, hata akimhurumia mtoto kwa moyo wote, bado amepungukiwa na pojo. Sarufi inakubaliana nasi tena:

(5) Nimetukanwa kwa leso.
(6) Nimetukanwa na leso.

Sentensi ya (5) husemwa, na huuliza: na nani? Sentensi ya (6) nimejaribu kuitafutia kisa ambacho kitaiondolea ugeni kama kilivyoondoka katika (4), nami sijakipata. Leso hiyo hiyo kesho itakuwa mbeleko, keshokutwa itatandikwa chini ya mgonjwa, na maneno yake yatakuwa yamebaki pale pale, wala hayatamsuta mtu. Kutukana kunahitaji anayekusudia na anayekusudiwa. Kupunja hakuhitaji hata mmoja wao. Kunahitaji kitako kilichobonyea.

Basi matokeo yetu yamekuwa kinyume cha yale ambayo mhakiki angeyatarajia. Kitu kisicho na maneno kimethibitika kuwa kiovu, na kitu chenye maneno makali kimeachiwa. Sababu, nadhani, ni hii. Maneno ya leso yanaonekana, na anayeyasoma anaweza kuuliza, kukataa, kufumbua vingine au kujibu kwa leso yake mwenyewe, kama inavyotokea mara nyingi, na biashara ya Biashara Street ikanufaika. Usemi wa kopo hauonekani. Linasema kilo mbili, na anayesemeshwa hana nafasi ya kujibu kwa sababu hajui kwamba amesemeshwa. Langdon Winner aliuliza mwaka 1980 iwapo vitu vina siasa, akatoa mfano wa madaraja mafupi ya Long Island ambayo, kwa madai yake, yalijengwa hivyo ili mabasi ya maskini yasipite. Wanahistoria wameutilia shaka mfano huo. Lakini angekuja Marikiti angepata mfano usio na shaka, wa bati moja tu.

Ikiwa tofauti hii ni ya kweli, inatupa njia ya kulisoma upya shauri ambalo wasomaji wa jarida hili wanalikumbuka vizuri. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa hoja kwamba inaharibu maadili. Baadaye ikaja kufundishwa katika shule hizo hizo. Waliopiga marufuku na waliotetea walibishana juu ya yaliyomo: je, riwaya inasifu upotovu au inauonya? Oscar Wilde, katika dibaji aliyoiandika mwaka 1891, angewaambia wote wawili kwamba hakuna kitabu chenye maadili wala kisicho na maadili. Kipo kilichoandikwa vizuri na kilichoandikwa vibaya. Sikubaliani na Wilde, kwa sababu angeliachia kopo pia, mradi limegongwa kwa ustadi. Lakini pande zote za ubishi wa *Rosa Mistika* ziliruka swali la kwanza: je, riwaya ni kopo au ni leso? Aliyepiga marufuku alikichukua kitabu kuwa kopo: kitamdhuru binti wa Kidato cha Pili hata kama binti hana nia mbaya na mwalimu hana nia mbaya. Alichosahau ni kwamba binti huyo si mnunuzi wa pojo. Anasoma, na anayesoma anaona maneno, na anayeona anaweza kukataa. Riwaya ile inamwonyesha baba mkali, shule, mji na kuanguka kwa Rosa mbele ya macho yake. Hakuna kitako kilichofichwa.

Sisemi kwamba vitabu vyote ni leso. Kitabu cha hesabu chenye majibu ya uongo ni kopo. Kitabu cha historia ambacho kwa miaka mingi kilimfundisha mtoto wa Mombasa kwamba mji wake ulianza siku alipofika Vasco da Gama mwaka 1498 ni kopo, tena lililobonyezwa sana: kilijiita kipimo cha mambo yaliyopita, mwalimu mwenye moyo safi alikitumia kwa kazi ya jina lake, na mtoto aliondoka na pungufu asilolijua. Hapo ndipo bidii ya wakaguzi ingestahili kwenda. Badala yake ilikwenda kwenye riwaya, kwa kuwa ubaya wa riwaya huonekana kwa mtu anayepekua haraka, na ubaya wa kitabu cha historia hauonekani mpaka mtu ageuze kitako.

Linabaki jambo moja ambalo jaribio letu halilimalizi. Wauza viungo wengi wa Marikiti leo hutumia mizani ya umeme, ambayo huandika uzito kwa tarakimu zinazowaka. Mizani ya zamani ya vitanga viwili ilimruhusu mnunuzi kuona jiwe upande mmoja na iliki upande wa pili; akishuku, aliomba vitanga vibadilishane. Kopo nalo unaweza kuligeuza. Mizani ya umeme haina pa kugeuzwa, na muuzaji mwenyewe, ikiwa aliinunua hivyo, yuko katika hali ya mtoto asiyejua. Wanunuzi wenye mashaka wameanza kuchukua kifurushi chao cha iliki wakakipima tena kwa muuzaji wa pili, na tarakimu zikitofautiana hakuna kati ya watatu wao anayeweza kusema ni mizani ipi iliyosema kweli, mpaka mkaguzi afike na mawe yake.